Levie fupi ya vitesi: ni nini kinashika motokari juu yako?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mnaosoma ukurasa huu jioni kisha kazi za jikoni, leo tunaacha kidogo habari ya kaske na viatu vya usalama. Tunakwenda mbele ya nyumba, chini ya mti wa maembe, pahali ambapo vijana wetu wanatengeneza motokari siku ya yenga.

Kwa sababu gani? Kwa sababu kuna kipande kimoja kinachopendwa sana na vijana wenye motokari: levie fupi ya vitesi. Wameona katika filimu za mashindano namna shofere anavyobadilisha vitesi kwa kupinda kifundo cha mkono tu, tak, tak, na motokari inaruka kama swala. Basi wanatafuta kipande hicho kwa wenye kuuza vyuma vya motokari, au wanakiagiza ng'ambo, na siku ya mapumziko wanamwomba jirani awaazime kriki. Mambo yanaanzia hapo. Levie yenyewe haimdhuru mtu akiwa ameishika mkononi. Kazi ya kuitia ndiyo inayoweza kumleta mtu kwetu kwa dispanseri, na siku nyingine kumpitisha mbele ya mlango wetu bila kusimama.

Mimi si fundi wa motokari. Mimi ni msaidizi wa munganga, kazi yangu ni vidonda. Lakini katika shule ya kazi tulilala jumba moja na wanafunzi wa mekanike, na masomo yao tuliyasikia kila jioni, tupende tusipende. Tena mwenye kushona vidonda anajua vizuri vinatoka wapi.

BARAMINI NDOGO

Levie ni ile fimbo unayoshika kwa mkono wa kuume unapobadilisha vitesi. (Mwenye motokari ya usukani wa kuume anaishika kwa mkono wa kushoto, kwake maneno ni yale yale.)

Kila mtu aliyetumika chini ya udongo anajua baramini. Ukitaka kuangusha jiwe bovu la paa, unashika baramini mbali na ncha. Ukishika karibu, mkono wako unatembea kidogo, lakini sharti utie nguvu nyingi. Ukishika mbali, mkono unatembea sana, na jiwe linatii. Levie ya vitesi ni baramini ndogo. Ina kichwa cha mviringo kinachogeuka ndani ya kikombe chake. Juu ya kichwa hicho kuna sehemu ya mkono. Chini yake kuna sehemu fupi inayosukuma vyuma ndani ya sanduku la vitesi.

Tufanye hesabu. Tuseme sehemu ya juu ina sentimita 40 na sehemu ya chini sentimita 4. Mkono unatembea mara 10 kuliko ncha ya chini. Ncha ikitaka kusogea sentimita 1 na nusu, mkono sharti utembee sentimita 15. Sasa leta levie fupi, ambayo sehemu yake ya chini imefanywa sentimita 5. Arobaini ukigawa kwa tano ni 8. Mkono utatembea sentimita 12 tu. Umepata faida ya sentimita 3. Lakini kama mbele ulitia nguvu ya kilo 4, sasa utatia kilo 5. Faida hiyo umeilipa, na utailipa tena kila mara unapobadilisha vitesi, kutoka kambi mpaka mjini na kurudi.

Hiyo ni levie iliyofanywa vizuri. Kuna wengine wanaochukua msumeno, wanakata levie ya zamani kwa juu, wanapiga sude, na wanarudisha kile kirungu cha kushikia. Hesabu inatoka karibu ile ile, lakini sasa kirungu kiko chini karibu na goti, na shofere sharti ainame kukitafuta. Macho yanaacha njia. Mimi sioni faida yake hata kidogo.

Kuna jambo la pili. Ndani ya sanduku la vitesi kuna pete ndogo za shaba ya njano. Ndiyo shaba yetu wenyewe, iliyochanganywa na zinki, yale madini yanayoijulisha Kipushi. Kazi ya pete hizo ni kusugua magurudumu ya meno mpaka yazunguke kwa mwendo mmoja mbele ya kushikana. Kazi hiyo inataka nafasi ndogo ya saa, chini ya kupepesa jicho, lakini inaitaka. Levie ndefu inampa pete nafasi hiyo bila wewe kujua. Levie fupi inakuruhusu kumsukuma kwa haraka na kwa nguvu. Ukifanya hivyo siku zote, pete inalika, na siku moja utasikia krrr kila unapotia vitesi ya pili. Asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi ya Katanga inapofanya mafuta ya sanduku kuwa mazito, usishindane na levie. Tembea pole pole kilomita za kwanza, mafuta yapate moto.

Na mwenye Hilux au Land Cruiser ya kupita njia mbaya, ninamshauri aache kabisa. Levie ndefu ya motokari hizo ilifanywa ndefu kwa makusudi. Tena motokari ya kampuni, usiguse. Hiyo si yako.

MARA NYINGI UREFU SI UGONJWA

Wengi wanaotaka levie fupi wanalalamika hivi: levie inacheza kama mchicha katika upepo, vitesi haionekani, mkono unatembea mbali. Je, levie imekuwa ndefu zaidi ya siku ilipotoka katika usine? Hapana. Kilicholika ni vile vikombe vidogo vya plastiki au vya mpira vinavyoishika. Kutia levie fupi juu ya vikombe vilivyokwisha ni kama mtu anayemeza dawa ya malaria kila kichwa kinapomuuma, bila kutolewa tone la damu. Vikombe hivyo ni bei ndogo kuliko levie. Tia vipya kwanza, tia mafuta ya kulainisha, kaza buloni, kisha tembea juma moja. Watu wengi watarudisha feza zao katika mfuko.

Ukiisha kufanya hivyo na ungali unataka levie fupi, ni haki yako. Motokari ni yako. Basi sikia vizuri namna ya kazi.

VOLKSWAGEN YA MGONGO WA KOBE

Ninachukua kwa mfano Volkswagen Coccinelle, kwa sababu wazee wengi wanaijua. Ya mwisho ilitoka katika usine ya Puebla, Mexico, mwaka 2003, na mpaka leo kuna watu wanaozitunza. Levie fupi za motokari hiyo zinauzwa tangu miaka mingi. Nyingine ni levie kamili. Nyingine ni kipande cha kuweka chini ya kikalio cha levie, kuinua pahali inapogeukia, pamoja na kirefusho cha ncha ya chini.

Uzuri wa Coccinelle ni kwamba kazi yote inafanyika ndani, umekaa juu ya kiti. Hakuna kriki. Unaweka levie katikati, pasipo vitesi, na unaondoa zulia la mpira. Kikalio kimeshikwa na buloni 2 za kle ya 13. Unazifungua na unanyanyua levie pamoja na mpira wake na resori yake. Chini yake utaona bamba dogo la chuma. Hapo simama! Mbele ya kulitoa, chukua chaki au rangi, uandike alama ni upande gani ulitazama juu na ni upande gani ulitazama mbele.

Kwa nini ninapiga kelele kwa bamba dogo hivi? Kwa sababu ndilo linalolinda vitesi ya nyuma. Katika Coccinelle, vitesi ya nyuma iko kushoto kwa vitesi ya pili, jirani kabisa. Unaipata kwa kusukuma levie chini, kisha kushoto na nyuma. Bamba likirudishwa vibaya, mlango huo unabaki wazi. Mtu anatoka katika vitesi ya kwanza, anavuta kwenda ya pili, na levie inakwenda kutafuta ya nyuma wakati motokari inakwenda mbele. Vyuma vitalia, na motokari inaweza kusimama ghafula katikati ya njia, na lori liko nyuma yake.

Kisha unapaka grisi pahali pa mviringo na ndani ya kikombe, unatia levie mpya, unakaza buloni kidogo tu. Matundu ya bamba yanaruhusu kusogeza mbele na nyuma. Unajaribu vitesi zote 4 na ya nyuma, moto ukiwa umezimwa. Zikiingia zote bila kugonga, unakaza kabisa. Saa moja inatosha kwa mtu asiye na haraka.

Jambo moja zaidi juu ya motokari hii, kwa sababu nimesema kazi yake ni ya salama. Fundi anaweza kukuambia uinue kiti cha nyuma ili atazame kiungo cha fimbo ya vitesi, chini ya kifuniko chake kidogo. Chini ya kiti hicho hicho, upande wa kuume, kuna batri. Ondoa waya wake wa moins mbele ya yote. Na unaporudisha kiti, hakikisha kifuniko cha batri kiko pahali pake. Resori za kiti zikigusa vichwa vya batri, kiti kinashika moto, na moto huo mara nyingi unatokea njiani, watoto wakiwa wamekaa juu yake.

PAA LISILOTEGEMEZWA

Sasa tunafika pahali pabaya. Motokari nyingi si kama Coccinelle. Kuna zile ambazo levie imekaa juu ya sanduku la vitesi, kama Mazda MX-5. Nayo unaifungua kutoka ndani. Kuna nyingi za magurudumu ya mbele zinazotumia kamba za chuma. Fundi anabadilisha mkono mdogo juu ya sanduku, chini ya boneti. Lakini kuna zile ambazo levie inasukuma fimbo zilizo chini ya sakafu. BMW ndogo za miaka ya 1980 ni mfano. Ili kufikia fimbo hizo sharti uingie chini, na mara nyingi sharti ushushe bomba la moshi na ufungue shafti inayokwenda nyuma.

Katika shimo, ukimwona mwenzako anaingia chini ya paa ambalo halijatiwa buloni wala kutegemezwa kwa miti, utapiga kelele. Kapita atamfukuza palepale. Hata kijana wa siku ya kwanza anajua kwamba jiwe halitoi habari. Lakini mtu huyu huyu, siku ya yenga, anainua motokari yenye uzito wa kilo zaidi ya 1.000 kwa kriki moja, anatandika gunia, anaingia chini kwa mgongo, kifua chake kikiwa sentimita 20 chini ya chuma, na anaita: «Mtoto, niletee kle ya 13!» Ni nani aliyemwambia kwamba chuma cha motokari kina huruma kuliko jiwe la shimo?

Kriki ilifanywa kwa kubadilisha gurudumu, na watu wote wakiwa inje. Haikufanywa kushika motokari wakati mtu yuko chini anavuta buloni iliyoshika kutu. Kila mvuto wa kle unatikisa motokari. Kriki ya mafuta inaweza kupoteza mafuta pole pole kwa mpira uliochakaa. Unaona imesimama, kumbe inashuka. Kriki ya skrubu inalala upande mmoja. Na udongo wetu wakati wa mvua unakuwa laini kama bukari.

Katika kazi hii ya levie kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikiri. Siku zote unapoegesha motokari, unaiacha ndani ya vitesi, na vitesi inasaidia kuishika. Leo umeondoa levie! Sanduku liko wazi, na kama shafti imefunguliwa, magurudumu yanazunguka yanavyotaka. Hakuna vitesi ya kukusaidia. Na freni ya mkono, katika motokari nyingi, inashika magurudumu ya nyuma tu: ukiinua nyuma, freni ya mkono inashika hewa. Kwa hiyo kinachozuia motokari isitembee ni kabari zako tu. Tia kabari kubwa za mbao au za chuma, mbele na nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini. Jiwe la kuokota njiani si kabari.

Kisha tegemeza. Vile vigoda vya chuma vyenye miguu mitatu au minne, ambavyo garaji zote zinavyo, ndivyo vya kazi hii. Viwe viwili au vinne, juu ya sakafu ngumu, chini ya pahali penye nguvu pa motokari, si chini ya bati. Kama huna, azima. Kama hupati pa kuazima, vipande vya mbao ngumu za njia ya reli, vinene, vilivyopangwa kwa kupishana kama tunavyopanga miti ya kutegemeza paa, vinaweza kushika. Tofali, hapana. Tofali la udongo na lile la simenti yanabeba uzito mzuri sana mpaka dakika yanapopasuka, na hayalii mbele ya kupasuka.

Ukiisha kutegemeza, shusha motokari mpaka ikae juu ya vigoda, kisha isukume kwa nguvu zako zote, ukiwa umesimama inje. Ikicheza, afadhali icheze sasa. Tena weka gurudumu la akiba likiwa limelala chini ya ubavu wa motokari. Likipata kazi siku moja katika maisha yako, limelipa bei yake.

Na usitumike peke yako. Mwenzako awe mtu mzima anayejua kutumia kriki, abaki inje wakati wewe uko chini. Watoto wachezee nyumba ya pili. Wewe mama wa nyumba, ukimwona bwana anaingia chini, una haki ya kumwuliza: «Baba Fulani, ni nini kinaishika?» Akijibu «kriki», mwombe atoke kwanza. Atakasirika kidogo. Chakula cha mchana kitampooza.

Kama bahati mbaya imefika na motokari imeshuka juu ya mtu, watu wengi wanakimbia kumvuta miguu. Hapana! Inueni motokari kwanza: kwa kriki, kwa watu 8, kwa miti, kwa kitu chochote, na mmoja atie mbao chini palepale isirudi. Mtu aliyebanwa kifua anaweza kuwa na mbavu zote nzima, lakini anakufa kwa sababu kifua hakiwezi kupanuka kuvuta hewa. Ubongo usiopata hewa unaanza kuharibika kwa dakika 4 hivi. Mmoja ainue, mmoja akimbie kuita gari la wagonjwa, wakati mmoja. Akitoka, mlazeni chini, msimkalishe, msimpindue shingo, msimpe pombe ya kumtia nguvu. Na hata akisimama mwenyewe, akapangusa suruali na kusema «sina kitu», mleteni. Bandama na ini vinaweza kuvuja damu ndani saa nyingi bila alama yoyote juu ya ngozi.

JICHO, MIKONO NA HEWA

Mambo mengine ni madogo, lakini ndiyo tunayoyaona zaidi.

Ukilala chini ya motokari na kugonga buloni, kutu na mchanga vinaanguka, na jicho liko palepale linatazama juu. Tena fimbo za vitesi mara nyingi zimefungwa kwa vipete vya chuma vinavyofunguliwa kwa turnevisi; vinaruka kama risasi. Vaa miwani ya usalama, ile ile unayovaa unapopiga melezi. Kitu kikiingia katika jicho, usisugue. Mwaga maji safi mengi. Kama kimeshika, usikitoe kwa njiti ya kibiriti wala kwa ncha ya leso, na usitie maziwa ya mama anayenyonyesha wala maji ya majani. Funika jicho, njoo. Kipande cha chuma kinachotolewa leo ni kazi ndogo; kikilala siku tatu, tunazungumza juu ya kuokoa jicho.

Toa pete ya ndoa na saa ya mkono. Mungu hatakasirika. Pete ikigusa batri na chuma cha motokari kwa wakati mmoja inakuwa nyekundu kwa kidole, na pete iliyonaswa na chuma kinachoanguka inachuna kidole chote.

Bomba la moshi liache saa moja lipoe. Ukiungua, weka pahali hapo chini ya maji baridi ya bomba dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya ngazi, mayai, vyote hivyo viache katika kisanduku chake na katika sufuria yake.

Kidonda cha kutu na udongo kinataka sindano ya pepopunda. Wengi wamesahau walipigwa mwaka gani. Njoo na karatasi yako, tutaitazama pamoja.

Usinawe mikono kwa esanse. Inakausha ngozi mpaka ipasuke, na mama amewasha mbabula hatua 5 kutoka pale. Moshi wa esanse unatembea chini kwa chini, unakwenda kutafuta makala. Sabuni na unga wa mbao vinatosha kuondoa grisi.

Sasa hewa. Juu ya tundu la levie kuna mpira, mara nyingine miwili, mmoja juu ya mwingine. Vijana wanaona mpira wa chini umepasuka, wanautupa, kwa sababu ule wa ngozi wa juu unatosha kwa uzuri. Kumbe ule wa chini ndio unaofunga. Chini ya tundu hilo linapita bomba la moshi, na wewe umelifungua leo na kulirudisha, labda na fungo la zamani. Likivuja kidogo tu, moshi unapanda kupitia tundu mpaka ndani, wakati vioo vimefungwa kwa baridi au kwa vumbi jekundu. Katika moshi huo kuna gazi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa nzuri katika damu. Mwanzo kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kutapika, usingizi. Watoto wa nyuma wanalala, na wazazi wanasema wamechoka na safari. Kama watu wote wa motokari moja wanaumwa kichwa, na wakishuka wanapona, hiyo si malaria. Fungua vioo, simamisha, shusha watu. Mpira mpya na fungo jipya la bomba vinunuliwe pamoja na levie, siku moja.

KUJARIBU

Mbele ya kutoka, kaa ndani na moto umezimwa, pitisha vitesi zote mara 20, ya kwanza mpaka ya mwisho, na ya nyuma. Tazama kama mkono unagonga kiti, redio au goti la abiria. Kisha washa, tembea pole pole pahali tambarare pasipo watu. Usiende kujaribia njia ya Likasi, pahali ambapo malori ya kathode yanakuja mbele na nyuma. Kwa juma la kwanza mkono wako ungali na mazoea ya zamani. Unatafuta vitesi ya nne, unapata ya pili, kwa sababu sasa ziko karibu. Moteri italia kama nguruwe, na magurudumu yanaweza kushika ghafula. Vitesi ya nyuma, ngoja motokari isimame kabisa. Katika motokari nyingi yenyewe haina zile pete za shaba za kuisaidia.

Kisha siku 7, rudi utazame buloni, na kama kuna mafuta yanayotoka karibu na levie. Kurudi huko chini kunataka vigoda na kabari kama siku ya kwanza, hata kama ni kazi ya dakika mbili.

Levie ya zamani usiitupe. Ifunge katika kitambaa pamoja na buloni zake na bamba lake, iweke ghalani. Mabega yako yanaweza kuitaka tena, au yule atakayenunua motokari. Na mafuta ya sanduku yaliyobaki usiyatie katika chupa ya Fanta au ya bia. Mtoto akiyanywa, au akinywa esanse, usimlazimishe kutapika, kwa sababu yanaporudi yanaingia katika mapafu. Mlete palepale, pamoja na chupa yenyewe, ili tujue amekunywa nini.